Kuomba ajira serikalini Tanzania bila kuchujwa kwenye makaratasi

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikitangaza kazi, nafasi huwa chache na waombaji ni wengi mno. Kwa wingi huo lazima watu wapunguzwe, na wa kwanza kupunguzwa ni wenye nyaraka mbovu: cheti kimekosekana, majina hayafanani, barua haina saini. Mtu mwenye uwezo kabisa hukatwa hapo kabla hajaulizwa swali hata moja la fani yake. Inauma, kwa sababu karibu kasoro zote hizo zinazuilika. Tatizo ni kwamba hazizuiliki ndani ya zile wiki mbili ambazo tangazo kwa kawaida huwa wazi. Kwa hiyo hatua tatu za kwanza zifanye sasa hivi, wakati hakuna tangazo lolote unalolikimbilia.

Hatua ya 1: Linganisha majina na tarehe, herufi kwa herufi

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au karatasi yenye namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cheti cha chuo na transkripti yake. Soma jina la kwanza, la kati na la ukoo kwenye kila kimoja. Said na Saidi ni majina mawili. Mohamed na Mohammed vilevile. Jina la kati lililoandikwa kwa herufi moja shuleni na kwa ukamilifu NIDA litaulizwa. Mwanamke aliyechukua jina la mume kwenye kitambulisho huku vyeti vikibaki na jina la baba naye ajihesabu kuwa ana kazi ya kufanya.

Halafu itazame namba ya NIDA yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1998 namba yake huanza na 19980314. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema 1997, anayekagua hahitaji kutafuta sana kuiona tofauti.

Ukikuta kasoro, anza na swali hili: kipi ndicho kigumu zaidi kubadilika? Mara nyingi ni cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Kifanye hicho kuwa kipimo, vingine vikifuate. Kosa la uandishi NIDA linapelekwa ofisi ya NIDA ya wilaya, la cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama majina kweli yanatofautiana, tafuta wakili akuandalie deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili au kurekebisha jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Watu wengi huishia kwenye kiapo cha kawaida wakidhani kinatosha. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanaitaja deed poll kwa jina lake, kwa hiyo usibahatishe. Haya yote huchukua majuma, wakati mwingine miezi, na hakuna namna ya kuyaharakisha tangazo likishatoka.

Hatua ya 2: Vyeti halisi, si karatasi za matokeo

Sharti hili hurudiwa karibu kila tangazo na bado linawaangusha watu: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Wala matokeo ya muda ya chuo, taarifa ya matokeo, au barua ya mkuu wa shule. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kama cheti chako bado kiko shuleni ulikosoma, panga safari ukakichukue mwezi huu. Kama kimepotea, anza na taarifa ya upotevu polisi, kisha fuata utaratibu wa NECTA.

Uliyesoma nje ya Tanzania unahitaji ulinganifu, yaani karatasi inayothibitisha kwamba elimu yako ni sawa na ya hapa: vyeti vya sekondari NECTA, stashahada NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), shahada TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Cheti kizuri cha chuo cha nje bila karatasi hiyo hakikufikishi popote.

Ukishavikamilisha, toa nakala na uzipeleke kwa wakili azithibitishe kwa mhuri na saini. Usisahau nakala ya cheti cha kuzaliwa na, kwa kada zenye bodi, cheti cha usajili na leseni ya kufanyia kazi iliyo hai. Leseni iliyokwisha muda ni sawa na kutokuwa nayo.

Kwenye kuskani, tumia mashine yenyewe badala ya picha ya simu iliyopigwa kwenye giza. Rangi iwepo ili mhuri usomeke, uwazi wa nukta 150 hadi 200 kwa inchi unatosha, na pembe zote nne za cheti zionekane. Kila cheti kiwe faili lake la PDF. Mfumo wa maombi wa mtandaoni, utakaoufungua katika Hatua ya 3, una kikomo cha ukubwa wa faili. Faili likizidi, punguza uwazi na uskani upya, usilikate. Yape mafaili majina yanayoeleweka, kama "kidato_cha_nne" na "shahada", ili usije kupandisha cheti cha sita mahali pa cheti cha nne. Kosa hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri.

Hatua ya 3: Fungua akaunti wewe mwenyewe

Akaunti inafunguliwa kwenye portal.ajira.go.tz. Hapa tunasisitiza jambo moja kwa nguvu zote: tumia barua pepe yako na namba yako ya simu. Kijana anakwenda steshenari, anafunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mwenye duka, nywila inaandikwa kwenye daftari la duka. Miezi sita baadaye ameitwa kwenye usaili, namba yake ya usaili iko ndani ya akaunti, na duka limehama. Mlipe mtu wa steshenari akuskanie na akuchapie, lakini barua pepe na nywila vibaki mikononi mwako, viandikwe mahali pawili nyumbani.

Jaza kila sehemu: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, sifa za kitaalamu, lugha, uzoefu, mafunzo, kompyuta, wadhamini, viambatisho na tamko. Sehemu mbili zinataka utulivu.

Ya kwanza ni elimu. Chagua jina la kozi kama lilivyo kwenye cheti. Aliyesoma Uhasibu na Fedha akichagua "Uhasibu" kwa sababu ndilo aliloliona kwanza kwenye orodha, sifa zake ndani ya mfumo hazitalingana na cheti alichopandisha.

Ya pili ni anuani. Andika mkoa unaoishi sasa, si ulikozaliwa. Usaili wa mchujo siku hizi hufanyika mikoani, na mkoa uliouandika unaweza kuamua kituo chako. Aliyeko Mwanza akiacha anuani ya zamani ya Dar es Salaam anajitafutia nauli ya bure. Ukihama, ingia ubadilishe siku hiyohiyo.

Wadhamini wawe watatu, wenye simu zinazopatikana, nao wajue kwamba umewaandika. Mhadhiri aliyekusimamia utafiti au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo ana uzito kuliko mjomba mwenye cheo.

Hatua ya 4: Soma tangazo ukitafuta NA, AU na LAZIMA

Wengi husoma jina la kada na kuruka sifa. Chukua mfano wa Afisa Hesabu Daraja la II na Mhasibu Daraja la II. Yanafanana masikioni. Kwa kawaida ya kwanza inapokea mwenye shahada ya uhasibu, na ya pili inamtaka mwenye CPA(T), yaani sifa ya kitaaluma inayotolewa na bodi ya wahasibu. Mwenye shahada tupu akiomba ile ya Mhasibu kwa sababu mshahara ni mkubwa zaidi, amepoteza ombi na pengine amekosa muda wa kuomba ile iliyomstahili.

Weka kila sifa kwenye mstari wake kwenye karatasi na mbele yake andika cheti kinachoithibitisha. Mstari ukikosa cheti, na sifa hiyo imeunganishwa kwa "na", hiyo kazi si yako kwa sasa. Ukikuta "au", unahitaji kimoja tu. Umri pia uangalie: usizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari katika utumishi wa umma, naye hupitisha barua yake kwa mwajiri.

Hatua ya 5: Barua fupi, yenye saini ya kalamu

Barua inaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kuelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Anuani yako na tarehe juu kulia, yake kushoto. Kichwa kitaje kada kama ilivyo kwenye tangazo pamoja na mwajiri. Mwili usizidi aya tatu, na ya katikati ndiyo inayobeba mzigo. Kwa mfano:

"Nina Shahada ya Uhasibu niliyohitimu mwaka 2022. Wakati wa mafunzo kwa vitendo katika halmashauri ya wilaya niliandaa usuluhisho wa benki wa kila mwezi na kupanga hati za malipo kwa ajili ya ukaguzi. Kazi hizo zinaendana na majukumu yaliyotajwa katika tangazo, hasa kutunza daftari la amana na kuandaa taarifa za mapato na matumizi."

Tazama kinachofanyika hapo: majukumu yamechukuliwa kutoka kwenye tangazo, na yameunganishwa na kazi ambazo mwombaji amekwisha kuzifanya. Sentensi kama "mimi ni mchapakazi nisiyehitaji usimamizi" iache. Kila mtu anaiandika. Chapa barua, isaini kwa kalamu, kisha uiskani. Jina lililochapwa si saini. Na ukiomba kada mbili andika barua mbili, kwa sababu barua ya zamani iliyobaki na jina la taasisi nyingine inaonekana mara moja.

Tuma siku tano au sita za mwanzo. Siku ya mwisho mfumo huelemewa na usiku wa manane haukusubiri.

Hatua ya 6: Usaili wa mchujo

Majina hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti na hali ya ombi lako huonekana ndani ya akaunti. Ukiitwa, ingia unakili namba yako ya usaili mapema, kwa kuwa haitolewi siku ya usaili. Gharama za nauli, chakula na malazi ni zako, kwa hiyo anza kudunduliza siku unapotuma ombi.

Kwenye kudurusu, orodha ya majukumu katika tangazo ndiyo silabasi yako. Kila jukumu ligeuze kuwa maswali matatu na uyajibu kwa kuandika. Ongeza Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na sheria ya fani yako katika toleo linalotumika. Wa ununuzi wasome Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Madokezo mengi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado ni ya ile ya 2011, na majibu yake yatakugharimu alama. Kada nyingine, kama udereva, huongezewa usaili wa vitendo.

Siku yenyewe beba vyeti halisi vyote, kitambulisho kinachotambulika na deed poll kama inakuhusu. Fika saa nzima kabla.

Hatua ya 7: Mahojiano ya ana kwa ana

Jopo huuliza maswali yaleyale kwa wote na kugawa alama kwa hoja. Kwa hiyo jibu kwa hoja zinazohesabika. Ukiulizwa namna ya kushughulikia hati ya malipo yenye kasoro, sema utafanya nini kwanza, utaandika wapi, utamjulisha nani na ni kanuni gani inakuongoza. Usipolijua jibu, sema kwa heshima uombe swali linalofuata. Kuzungukazunguka kunakula dakika ambazo zingekupa alama kwingine.

Hatua ya 8: Baada ya usaili

Kufaulu bila kupangiwa kituo si kushindwa. Waliofaulu wakazidi nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata na huweza kupangiwa nafasi inapopatikana, hata kwa mwajiri mwingine. Kwa hiyo usiitupe laini ya simu, na fungua matangazo ya kuitwa kazini kila wiki. Jina likionekana, chukua barua ya kupangiwa kituo cha kazi na uripoti ndani ya muda ulioandikwa, ukiwa na vyeti halisi. Kuchelewa bila taarifa ni kumpa mwingine nafasi.

Wakati wa kusubiri, jisajili pia na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, unaounganisha wahitimu na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini. Uzoefu huo unaingia kwenye akaunti yako na kwenye ile aya ya katikati ya barua.

Na kipindi hiki cha kusubiri ndicho matapeli hukipenda. Atakupigia mtu anayejua jina lako na kada uliyoomba, kwa sababu orodha za usaili ziko wazi mtandaoni, na atadai "pesa ya kuingiza jina". Sekretarieti haitozi malipo katika hatua yoyote. Usitume hata shilingi elfu moja. Hifadhi namba yake na ujumbe wake, kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, utoe taarifa.