Hasira Hupikwa Tangu Jana: Namna Ninavyoupoza Moto Wangu

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote penye watu mia mbili na zaidi hapa Mombasa, huenda ushakula biriani yangu bila kujua. Kazi hii nimeifanya miaka 22. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilijulikana kwa mambo mawili: wali unaochambuka punje kwa punje, na ulimi mkali. La kwanza watu walilipenda, la pili wakalivumilia.

Siku moja ya mwezi wa pili tulikuwa kwenye harusi Kisauni. Sufuria tatu, mchele kilo 50, jua la saa saba la utosi, na kaskazi imegoma kuvuma. Tangu kahawa ya alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni, na usiku wake nililala saa tisa. Kijana wangu mmoja, miaka 19, alikuwa anakaanga vitunguu. Akageuka kidogo kupokea simu, vitunguu vikapita rangi ya asali vikawa vyeusi. Kitunguu cheusi hutia uchungu biriani nzima, kila mpishi alijua hilo. Lakini nililofanya mimi halikuwa na kipimo: nilimtukania mamake mbele ya watu, na upawa niliokuwa nao nikampiga nao mkononi.

Hakunijibu. Alisimama na kijiko cha matundu kikitona mafuta mchangani, midomo inamtetema. Kisha akakiweka polepole juu ya kifuniko, akafungua kikoi alichojifunga kiunoni, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akaondoka. Ujira wake hakurudi kuuchukua.

Siku mbili baadaye nilikwenda kununua bizari kwa mzee wa Kigujarati karibu na Markiti. Sote twamwita Kaka. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, kwetu ni ndugu mkubwa, basi yeye hunichukua kama mwana wa nduguye, nami humchukua kama mkubwa wangu, na adabu haipotei upande wowote. Alinitazama, akaniuliza kama nina kiungulia. Ninacho. Kama nalala. Silali. Nikamweleza yaliyotokea. Akapima bizari yangu, akafunga pakiti, ndipo akasema: "Mwanangu, hasira ile hukuweza kuizuia saa saba. Ulikuwa ushaipika tangu jana usiku."

Neno lile lilinikaa kwa sababu ni neno la jikoni. Sufuria ikifurika, mjinga humwagia maji juu. Mpishi huinama akatoa kuni chini.

Moto wenyewe ni upi

Nyumbani kwa Kaka wanafuata Ayurveda, elimu ya tiba ya India iliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili. Inasema mwili huendeshwa na nguvu tatu. Vata ni ya upepo, pitta ni ya moto, kafa ni ya maji na udongo. Pitta ndiyo husaga chakula, hutoa joto la mwili, hunoa akili, na humpa mtu jicho la kuona kosa haraka. Bila pitta nisingekuwa mpishi. Ikizidi ndipo macho huwa mekundu, kifua huchoma, jasho hunuka ukali, ngozi hutoka vipele, na mtu huona wenzake wote ni wazembe.

Mtu wa pwani hili si geni kwake. Bibi zetu walijua chakula cha moto na chakula cha baridi kabla hatujazaliwa. Mama aliyejifungua hupewa vya moto, mwenye homa hupewa dafu. Na wengi wakitafsiri pitta husema ni nyongo. Twasema mambo yametumbukia nyongo, basi ni nyongo hiyo hiyo.

Kuna mtu atauliza kama huku si kufuata dini ya wengine. Nilimuuliza maalim wangu, akanijibu kwamba kula kwa wakati na kulala mapema hakuna dini inayokataza. Nikatulia.

Kwanza jua hasira yako ni ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea kwa mke wangu. Nilipoona dafu limenifaa, nikataka kumnywesha na yeye. Kaka akanikataza.

Hasira ya pitta ni kama yangu: huja kali, ina hoja, inatafuta mwenye makosa. Hasira ya vata huja ghafla na kuondoka ghafla, ndani yake mna hofu na uchovu. Mtu analia huku anagomba, mikono baridi. Mke wangu ndiye huyo. Yeye ubaridi humzidisha. Dawa yake ni uji wa moto wenye samli, mafuta ya simsim ya vuguvugu mwilini, na mtu wa kumpunguzia kazi. Hilo la mwisho nilikuwa nimelikwepa miaka mingi. Hasira ya kafa nayo ni ya kimya: kaka yangu mkubwa akikasirika hasemi, hununa wiki tatu na kinyongo hakitoki. Huyo anahitaji kutembea, kula chakula chepesi, tangawizi, na asilale mchana.

Yanayofuata ni ya wenye moto kama mimi.

Saa za moto

Ayurveda huigawa siku. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ni saa za pitta, na kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku ni zake tena. Mchana moto ule unataka chakula. Usipoupa, utakula watu. Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha ni hili: kabla ya saa saba mchana nakula, hata kama wageni washafika. Nakaa chini, sahani yangu mwenyewe. Kuonja onja kwenye mwiko si kula. Nilikuwa naonja mchuzi mara ishirini nikidhani nimeshiba, kumbe tumbo lilipata chumvi, ndimu na pilipili tu.

Usiku moto hugeuka kusafisha mwili, nawe unatakiwa uwe umelala. Ukivuka saa nne macho, utaona nguvu mpya zimekuja na njaa nyingine. Hizo ni nguvu za kesho unazikopa. Mpishi hawezi kulala saa nne kila siku, najua. Usiku wa shughuli mimi hugawa zamu: kijana mmoja anaangalia nyama, nami nalala angalau hadi saa tisa. Siku zisizo na shughuli sina udhuru.

Ladha sita

Hapa ndipo nilipoifahamu elimu hii vizuri, maana ni kazi yangu. Ladha ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali kama pilipili, chungu, na ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokausha ulimi. Tatu huchochea pitta: chachu, chumvi na kali. Tatu huipoza: tamu, chungu na ukakasi.

Sasa tazama meza yetu. Viazi karai kwa ukwaju. Muhogo wa kuchoma na ndimu na pilipili. Achari ya maembe. Kachumbari yenye siki. Mishkaki. Karibu kila kitu tunachokipenda jioni kimo upande wa moto. Sikukuambia uviache, mimi mwenyewe ndivyo vinavyonilisha. Lakini wiki niliyo na shughuli mbili, au siku za kaskazi, Disemba hadi Machi, huvipunguza na kula hivi: wali na pojo zilizotiwa samli kidogo na dania ya majani, mchicha wa nazi usio na pilipili, tango, ndizi mbivu, zabibu tamu, mtama. Maembe mabivu sawa, mabichi hapana. Kahawa chungu nimepunguza hadi kikombe kimoja, na sinywi tumbo tupu. Kwa mtu wa Mombasa hilo lilikuwa gumu kuliko yote, maana kahawa ni baraza, na baraza ni watu. Sasa nakaa barazani vile vile na kikombe changu hukitia iliki.

Kinywaji ninachokitegemea ni hiki. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu za dania, kimoja cha bizari nyembamba, kimoja cha shamari. Tia katika maji vikombe vinne, chemsha dakika tano hadi saba, chuja, acha yawe vuguvugu. Mimi hubeba kwenye chupa ya chai hadi kazini na kunywa kidogo kidogo kuanzia saa tatu. Usitie barafu, Ayurveda husema maji ya barafu huzima moto wa kusaga chakula, na tumbo likizimika utapata taabu nyingine. Dafu nalo ni zuri asubuhi au alasiri. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi.

Ikishapanda

Siku nyingine utatoa kuni zote na sufuria itafurika tu. Basi kuna pumzi inayoitwa shitali. Kaa. Kunja ulimi uwe kama mfereji, utoe nje kidogo ya midomo, uvute hewa kupitia mfereji ule. Utasikia ubaridi hadi kooni. Funga mdomo, shusha pumzi kwa puani polepole. Mara nane hadi kumi. Ulimi wako ukikataa kukunjika, na wengi haukunjiki, funga meno, achanisha midomo, uvute hewa katikati ya meno. Mwenye pumu, mafua au kikohozi aiache.

Mimi huifanya nyuma ya gari la vyombo nisionekane. Kabla yake hutia udhu. Madrasani tulifundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama na akae, na akiwa amekaa na alale. Mafunzo haya mawili nayaona yanakwenda pamoja, maji usoni na mwili chini.

Kitabu kikongwe cha tiba hiyo, cha Charaka, kina jambo ambalo Kaka alinisomea na sijalisahau. Kinataja misukumo 13 ya mwili isiyofaa kuzuiwa: haja, njaa, kiu, usingizi, chafya, miayo, machozi na mengineyo. Kisha kinataja ya kuzuiwa: hasira, tamaa, kiburi, na kwa ulimi, maneno makali, ya uongo, ya kusengenya, na yanayosemwa si wakati wake. Nilipojipima, nilikuwa nimegeuza kila kitu. Njaa niliizuia, usingizi niliuzuia, machozi tangu utotoni nimeyazuia. Ulimi ndio niliouachilia.

Ndiyo maana nilikwenda kwa mamake yule kijana. Nilikwenda mchana nikiwa nimekula, na ujira wake mkononi. Nilimwomba radhi mama kwanza, kwa tusi, kisha mtoto, kwa kipigo. Hakuna shamari inayolipa deni lile. Mama alinipa maji ya kunywa, hakunipa jibu siku hiyo. Kijana alirudi kazini baada ya mwezi na nusu, na sharti lake lilikuwa moja: nikianza kupaza sauti aruhusiwe kuniuliza mbele ya wote, "Ami, umekula?" Huniuliza mpaka leo.

Jioni, na tahadhari

Usiku nachukua mafuta ya nazi kijiko kimoja, nasugua utosini na kwenye nyayo dakika kumi, kisha soksi kuukuu shuka zisichafuke. Kwa mtu wa moto ni nazi, si simsim, simsim hupasha. Na jioni ikipatikana nakwenda bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, kukaa kuelekea bahari. Ayurveda hutaja kabisa mbalamwezi kuwa dawa ya pitta, na siku ya mwezi mpevu pale, upepo ukitoka mlangoni mwa bahari, utaelewa bila mwalimu.

Usinunue vidonge na unga wa "dawa ya Kihindi" usiojulikana umetoka wapi. Baadhi ya dawa hizo zimepatikana na risasi na zebaki. Kama unameza dawa za presha, usiziache kwa ajili ya chai yangu. Na kama mkono wako ushazoea kupiga watu nyumbani, hapo usianze na dania. Nenda hospitali uombe mshauri, na walio nyumbani wakae mbali nawe kwanza.

Limebaki la Ramadhani, ambalo huulizwa sana, kwa kuwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, joto juu ya joto, na chakula cha mchana hakipo. Mimi daku silikosi: wali kidogo na pojo, tende, ndizi, maji ya kutosha, hakuna achari wala samaki wa chumvi. Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana siweki mazungumzo ya pesa na mtu yeyote. Adhana ikiingia nafungua kwa tende na dafu, naswali, ndipo naja kwenye sinia, naanza na tambi au uji. Bhajia na ukwaju huzisogeza upande wa pili wa mkeka, mbali na mkono wangu.