Saiklokrosi ya wanawake: namna ya kushindana ukianzia safu ya nyuma

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli za kuzunguka njia ya majani, tope na mchanga. Ukienda kushindana na wanawake wa daraja la juu huku Ubelgiji bila pointi za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, utaanzia nyuma. Waamuzi wanaita majina kwa mpangilio wa pointi, wanawapanga wanane kwa kila safu, na wewe dada uliyefika juzi unasimama safu ya nne au ya tano huku Mholanzi Lucinda Brand, mmoja wa walio bora, yuko kule mbele, njia yote iko wazi. Mimi naishi Gent na msimu wa baridi naanzia hukohuko nyuma. Ushauri mwingi ninaousikia ni wa watu wa safu ya kwanza, nao hautusaidii sana sisi.

Mashindano yanachukua kama dakika 50. Mzunguko mmoja ni kilomita 2.5 hadi 3.5 za majani, tope, mchanga, ngazi na mbao za kuruka zisizozidi kimo cha sentimita 40. Tairi halitakiwi kupita upana wa milimita 33. Halafu kuna sheria ya asilimia 80. Ukiachwa na kinara kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda wa mzunguko wake wa kwanza, unatolewa. Tuseme ameumaliza kwa dakika 7: pengo likifika dakika 5 na sekunde 36, huendelei. Kwa hiyo kazi yako siku hiyo ni kuzuia pengo lisikue, na pengo linazaliwa dakika mbili za mwanzo.

Mkianza, kuna walau mita 150 zilizonyooka, pana, kila mtu anakanyaga kwa nguvu zote. Kisha njia inabana. Wa mbele wanapita, wa katikati wanagusana, na wewe unasimama kabisa unasubiri watu wajinasue. Ndiyo maana mazoezi ya asubuhi yasiishie kutafuta mstari mzuri. Tafuta foleni itakuwa wapi. Iwe kona ya kwanza ya tope au mlima wa kwanza, jiulize: hapa akianguka mtu, nitapitia upande gani kwa miguu? Mimi nachagua ukingo wa nje, maana katikati hakuna pa kukimbilia. Ukiona wa mbele yako wameanza kuyumba, shuka mapema, beba baiskeli, kimbia. Anayeshuka kwanza anawapita wanaong'ang'ania pedali.

Kushuka na kupanda kunahitaji mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Fanya kwenye uwanja wa majani, polepole, mpaka mwili uzoee. Mguu wa kulia unazunguka nyuma ya kiti mpaka upande wa kushoto, mkono wa kulia unashika bomba la juu la fremu, kisha unachomoa mguu wa kushoto na kutua tayari unakimbia. Cheni iko upande wa pili, haikugusi. Kwenye mbao, inyanyue tu na kuivusha. Kwenye ngazi au tope zito iweke begani: mkono wa kulia unapita chini ya fremu na kushika usukani. Sisi wafupi tuna shida hapa, kwa sababu fremu ndogo ina nafasi finyu katikati na bega haliingii vizuri. Nafuu ni kushika bomba la chini kwa kiganja na kuiegemeza baiskeli begani kwa nje. Wakati wa kupanda, usirukie kiti moja kwa moja. Tua na paja la ndani, uteleze. Mholanzi Puck Pieterse anaziruka mbao bila kushuka, na inapendeza kweli kumtazama, lakini wewe kimbia kwanza.

Mchanga una adabu yake. Kwenye matuta ya mchanga ya Koksijde au lile shimo la mchanga la Zonhoven, ingia na kasi, gia ya wastani, uzito nyuma kidogo, mikono ilegee. Fuata mfereji uliochimbwa na matairi ya wenzako na uangalie mbali, si gurudumu la mbele. Usukani ukianza kucheza usipambane nao, endelea kukanyaga. Kasi ikishuka chini ya ile ya kukimbia, shuka kabla hujasimama.

Kwenye miteremko ya ubavuni kama ile ya ngome ya Namur, uzito wote uwe kwenye pedali ya upande wa bondeni, mguu wa upande wa mlima uchomolewe ukae tayari kujishika. Breki ya mbele usiiguse.

Upepo wa tairi ni jambo la kupimwa kwa kipimo, si kwa kidole gumba. Mimi nina kilo 56. Kwenye tope naweka baa 1.3, ardhi ikiganda napanda hadi baa 1.6. Tafuta mzizi uliotokeza, upite juu yake kwa kasi ya mashindano. Rimu ikigonga mara mojamoja kwa mbali, umefika. Ikigonga kila mara, ongeza.

Baiskeli ya pili si anasa. Tope likishika fremu, linaongeza kilo na gia zinagoma. Kubadilisha kunaruhusiwa kwenye njia ya mafundi tu, na ukishaingia humo lazima ubadilishe baiskeli au gurudumu. Kwa kawaida unaipita mara mbili kwa kila mzunguko. Msaidizi wako anatakiwa kuwa na mashine ya kuoshea na asiogope kupiga kelele. Mfundishe: baiskeli safi aishike kwa kiti, ielekee mbele, na gia awe ameiweka nyepesi. Baiskeli zote mbili ziwe na urefu uleule wa kiti, pedali zilezile, na breki upande uleule. Ukinunua iliyotumika kutoka Uingereza, mara nyingi breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za huku iko kushoto. Badilisha nyaya kabla ya siku yenyewe.

Chupa ya maji usiifunge, itakuzuia kubeba. Kunywa kabla. Baki na jaketi mwilini mpaka karibu na kuanza, umpe msaidizi.

Ukitolewa, ondoka kwenye njia haraka usimzuie kinara. Jina lako litabaki kwenye matokeo, na mizunguko uliyopungukiwa itaandikwa. Vua nguo mbichi kabla ya kuongea na mtu yeyote, kula, kisha osha baiskeli na upake cheni mafuta jioni hiyohiyo. Huku mara nyingi mashindano ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo kesho yake huenda ukaihitaji tena.