Somo: Ushirikiano wa usalama mtaani unaanzia kwenye kona moja

Kamati ya kwanza ya usalama niliyoingia ilikuwa na mwenyekiti, makamu wake, katibu, mhazini na wajumbe 23. Fulana zilichapishwa kabla hata hatujajua wizi wenyewe unatokea wapi. Baada ya vikao vinne tulibaki watu watano na fulana zetu. Somo hili ni la yule anayetaka kuanza leo asipite nilikopita mimi.

Ninaposema ushirikiano nina maana ya polisi, uongozi wa eneo, shule, zahanati, wafanyabiashara na wakazi kushika tatizo moja kwa pamoja, kila mmoja kwa kile alichonacho mkononi. Mkiwa na kamati lakini hamna tatizo mlilolishika, mna kikao tu.

Hatua ya 1: Taja tatizo mpaka lishikike

Ukisema "wizi" hujasema kitu. Sema: simu zinanyakuliwa kwa watu wanaosubiri gari kituoni, siku za kazi, kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Hapo sasa mtu anaweza kuinuka akafanya jambo.

Kubana namna hii si kupunguza kazi. Uhalifu haujamwagika sawasawa kila mahali. Mwaka 1989 mtafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake walichapisha hesabu ya simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani, kwa muda wa mwaka mmoja. Nusu ya simu hizo zilihusu asilimia 3.3 tu ya anwani za jiji. Tembea eneo lako na utaona jambo lile lile kwa udogo wake: kona moja, uchochoro mmoja, geti moja la shule.

Hatua ya 2: Kusanya taarifa, na usitegemee daftari la polisi peke yake

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo mimi nisingekubali mruke. Daftari la polisi lina yale yaliyoripotiwa. Aliyepigwa na mtu anayemjua, aliyeibiwa akiwa amelewa, anayeogopa kuulizwa maswali, hao wote hawamo.

Mfano ninaoupenda unatoka Cardiff, Wales. Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na taya, aliona kwamba majeruhi wengi wa ugomvi aliokuwa akiwatibu hawakujulikana kabisa kwa polisi. Wahudumu wa mapokezi hospitalini wakaanza kuuliza mambo machache: umeumizwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Majina yaliondolewa, na takwimu zikapelekwa kwa polisi na uongozi wa jiji kila mwezi. Doria na usimamizi wa sehemu za vileo vikaelekezwa palipoonekana kwenye ramani. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kuwa waliolazwa kwa majeraha ya ukatili walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi kwa kila watu 100,000, wakati katika miji iliyolinganishwa na Cardiff walipanda kutoka 5 hadi 8. Kilichoongezeka ni maswali machache kwenye dirisha la mapokezi.

Ninyi fanyeni hivi. Chora ramani ya eneo kwa mkono kwenye karatasi kubwa. Waulize wauguzi, walimu, madereva, wenye maduka, walinzi wa usiku na watoto wa shule. Watoto wanajua njia zipi hawapiti, na sababu. Kila tukio liwe nukta yenye siku na saa, bila jina la mtu. Wiki tatu au nne zinatosha kuona nukta zinarundikana wapi.

Hatua ya 3: Ita wenye funguo

Sasa ndipo muite watu, maana sasa mnajua mnawaitia nini. Kwa kila nukta jiulize: nani anaweza kubadilisha kitu hapa? Kama ni taa iliyokufa, anayetakiwa ni mwenye kazi ya taa. Kama ni jengo lililotelekezwa, ni mwenye jengo. Watu 6 hadi 10 wenye uwezo wa kutenda wanawashinda 30 wenye vyeo. Hakikisheni wamo wanaoumizwa na tatizo lenyewe; kikao cha wazee watupu kikijadili usalama wa wasichana njiani kitakosea tu, hata kikiwa na nia njema.

Hatua ya 4: Tafuta sehemu dhaifu ya tatizo

Watafiti Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza mwaka 1979 kuwa tukio la wizi linahitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kutenda kosa, kitu kinachomvutia, na kukosekana kwa jicho la kuzuia. Ukiondoa moja, tukio halifanyiki. Watu hukimbilia la kwanza, wamkamate mwizi, kumbe mara nyingi lililo jepesi ni la pili au la tatu.

Tazama Kirkholt, mtaa wa nyumba za halmashauri huko Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980. Mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu zilikuwa zinakaa na fedha ndani ya nyumba, na wezi walizifuata hizo. Ikagundulika pia kuwa nyumba iliyoibiwa ilikuwa hatarini zaidi kuibiwa tena. Basi walioibiwa walibadilishiwa mita, milango na madirisha yakaimarishwa, na majirani wa karibu wakaombwa kuiangalia nyumba ile. Wizi wa majumbani ulipungua kwa zaidi ya nusu katika miezi michache ya mwanzo. Polisi, halmashauri, maofisa wanaosimamia wahalifu wanaotumikia adhabu nje ya gereza na majirani, kila mmoja alibeba kipande chake.

Mkitoka na jambo moja tu kwenye somo hili, liwe hili: nyumba iliyoibiwa jana ndiyo ya kulindwa leo. Haihitaji bajeti. Inahitaji mtu wa kwenda kugonga hodi.

Hatua ya 5: Andikeni ukurasa mmoja

Nani, afanye nini, kabla ya tarehe gani. Chini yake, taarifa zipi mtapeana na zipi hapana. Majina ya waathirika, ya watoto na ya watoa taarifa hayasomwi kikaoni. Wote waweke saini.

Hatua ya 6: Pimeni matokeo, si vikao

Herman Goldstein, aliyeasisi fikra ya polisi kushughulikia chanzo cha tatizo badala ya kukimbilia tukio moja moja, alitumia mwaka 1979 habari ya gazeti kuhusu mabasi ya sehemu moja ya Uingereza. Madereva walikuwa wakiwapita abiria waliojipanga vituoni huku wakiwapungia mkono. Walipolalamikiwa, jibu likawa kwamba dereva hawezi kwenda na ratiba kama atalazimika kusimama kuchukua abiria. Kamati nyingi za usalama ni basi hilo: muhtasari safi, mahudhurio mazuri, na kituoni watu wanaendelea kunyang'anywa simu.

Linganisheni miezi mitatu ya sasa na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana, na kama inawezekana mlinganishe na eneo jirani ambalo halijafanya kitu. Msishtuke ripoti zikiongezeka mwanzoni. Huenda watu wameanza kuwaamini, ndiyo maana hesabu ya zahanati na ya polisi zisomwe pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi tumeandika barua tatu kituo cha polisi, hakuna aliyekuja kikaoni. Tuendelee bila wao?

Marahaba. Anzeni, ila msiwafungie mlango. Barua ya "karibuni kwenye kikao" ni rahisi kuiweka pembeni. Nendeni watu wawili na ramani yenu, mseme: matukio 14, kituo kimoja cha gari, ndani ya saa hizi mbili, tunaomba doria ipite hapa siku tano kwa wiki. Ombi dogo lenye ushahidi ni gumu kulikataa. Kuna nchi ambako jambo hili ni wajibu wa kisheria. England na Wales kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1998, polisi na halmashauri wanatakiwa kuandaa mkakati wa pamoja. Ulizeni sheria ya kwenu inasemaje. Mkipata mnachoweza kukishika, kitajeni kwenye barua ya nne.

Swali: Tukiweka taa na doria hapa, wezi si watahamia mtaa wa pili? Naona kama tunawatupia wenzetu mzigo.

Swali zuri na limefanyiwa utafiti. Mwaka 2009 Rob Guerette na Kate Bowers walipitia tathmini 102 za hatua za aina hii. Kuhama kwa uhalifu kulionekana katika asilimia 26 ya vipimo, na nafuu kusambaa hadi maeneo ya jirani katika asilimia 27. Kwa hiyo kuhama kupo, lakini si lazima, na kunapotokea kwa kawaida si kwa wote. Wizi mwingi ni wa nafasi. Nafasi ikifungwa, wengine hawajisumbui kuvuka barabara. Hata hivyo waambieni wa mtaa wa pili mnachofanya, wahesabu nao.

Swali: Vijana wetu wapo tayari kukesha, ila wanataka wapewe marungu na ruhusa ya "kumfundisha adabu" wanayemkamata. Baadhi ya wazee wanawaunga mkono.

Hapana. Hapa sina maneno ya kubembeleza. Anayepigwa usiku huenda ni mgonjwa aliyepotea njia, au kijana anayetoka kazini. Akifa, mna kesi ya mauaji. Na asipokufa, kuanzia hapo hakuna mzazi atakayewaletea taarifa kuhusu mwanawe, na taarifa ndiyo mtaji wenu. Kazi ya zamu ni kuangalia, kupiga simu, kusindikiza watu na kuandika kwenye kitabu cha matukio. Asiyekubali hayo asipewe zamu, hata awe hodari namna gani.

Swali: Kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanaposti picha za "washukiwa". Jana aliyepostiwa alikuwa fundi aliyeitwa kutengeneza bomba. Tufanyeje?

Kwanza fundi aombwe radhi kwenye kundi lile lile, na waliosambaza picha waifute. Kisha wekeni kanuni: kundi ni la kueleza tukio, mahali na saa. Picha inakwenda kwa polisi, haiwekwi kwenye kundi. Wasimamizi wawe watatu, na wote waruhusiwe kufuta. Angalieni pia aina ya watu wanaopostiwa kila mara. Mkiona ni wageni na mafundi siku zote, kundi lenu linatisha wapita njia tu, halizuii wizi.

Swali: Watu wanajua nani anauza dawa za kulevya, lakini wanaogopa kisasi. Kikaoni kila mtu anatazama chini.

Wana haki ya kutazama chini, kwa hiyo msiwaulize kikaoni. Kikao cha hadhara hakijawahi kuwa mahali pa kutajia jina. Tafuteni njia ambayo mtoa taarifa haonekani: mtu mmoja anayeaminika nje ya eneo, au namba ya siri ya polisi kama ipo. Nanyi kwenye ramani yenu andikeni mahali na saa tu. Mara nyingi hamhitaji jina kabisa. Mnahitaji mwenye nyumba ile aitwe na aulizwe kuhusu mpangaji wake, na hilo mwenye nyumba analiogopa kuliko mnavyodhani.