Namna ya kumuua mpambe wa adui akakumbukwa

Niliwahi kuandika skripti ya kijasusi ambayo mpambe wa adui, pandikizi la mtu la miraba minne, anakufa kwa risasi moja kwenye ngazi. Rafiki yangu alipomaliza kuisoma akaniuliza, "Hivi yule baba aliishia wapi?" Kifo alikisoma, na alishakisahau. Tangu siku hiyo sianzi na namna mpambe atakavyokufa. Naanza na kitu anachojivunia.

Mtazame Oddjob, mpambe wa adui katika Goldfinger (1964), filamu ya jasusi James Bond. Kofia yake ina ukingo wa chuma, na tunaiona kazini mara mbili: inakata shingo ya sanamu, kisha inamuua binti anayekimbia msituni. Ndani ya Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani, Bond anampiga kwa kila kinachoshikika, jamaa anatabasamu tu. Kofia inanasa kwenye nondo. Anapoifuata na kuishika, Bond anagusisha kwenye nondo hizo waya wa umeme uliokatika. Ngumi zimeshindwa, kofia ndiyo imemponza. Kwa hiyo mpe mpambe wako kitu kimoja tu, na kionyeshe mapema kikiua au kikitisha. Ukimpa vitatu, hakuna kitakachokumbukwa.

Tamaa nayo ni silaha. Red Grant, mpambe katika filamu nyingine ya Bond, From Russia with Love (1963), anaficha waya wa kunyongea ndani ya saa yake. Ameshamweka Bond chini ya mtutu, kazi imekwisha, ila anasikia habari za sarafu za dhahabu. Anafungua mkoba unaodaiwa kuwa nazo, gesi inamlipukia usoni, wanapigana kwenye chumba chembamba cha treni bila muziki wowote, na waya wake unaishia shingoni mwake. Chagua mahali pembamba. Uwanja mpana humpa steringi nafasi ya kukimbia, na akikimbia presha inashuka.

Wale walinzi wa bunduki wasio na majina usiwahangaikie, waanguke, tuendelee.

Utani wa steringi baada ya kifo? Sentensi moja, au nyamaza. Mimi hunyamaza.

Na si lazima afe. Jaws, mpambe mwingine wa filamu za Bond, yule wa meno ya chuma, alitupwa kwa papa katika The Spy Who Loved Me (1977), akamng'ata papa. Mwaka 1979 akarudi katika Moonraker na mwishowe akamsaidia Bond. Ukiona unampenda mpambe wako kuliko steringi, mwache apumue.

Pandikizi langu nililiandika upya. Sasa anatembea na bunda la funguo kiunoni. Kila mlango ni wake, na watu hunyamaza wakisikia mlio. Katika ukurasa wa mwisho taa zinazimika. Steringi hamwoni, ila anazisikia funguo zikikaribia.