Kutoka getini hadi darasani: jinsi mtu wa burudani anavyoomba MBA

Nimepanga shoo Dodoma kwa miaka tisa kabla ya kusoma MBA, yaani shahada ya usimamizi wa biashara. Mara ya kwanza kuomba, nilikosa. Kwenye usaili mwalimu mmoja aliniuliza, "Shoo iliyokutia hasara kuliko zote, ulipoteza shilingi ngapi?" Shoo niliikumbuka vizuri: mvua ilishuka saa mbili usiku, watu wakatawanyika kabla msanii hajapanda. Kiasi nilichopoteza sikukijua. Tangu hapo nimewasaidia ma-MC, mameneja wa wasanii na mafundi mitambo kuandaa maombi yao, na karibu wote hukwama palepale nilipokwama mimi. Kazi wameifanya, karatasi hawana.

Hatua ya 1: Hakiki cheti chako

MBA ni shahada ya pili. Stashahada ya TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, hata iwe ya ufaulu wa juu, haitoshi peke yake; soma kwanza shahada. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Dodoma, na kinamfaa mtu anayeendelea na kazi. Kama shahada unayo, tazama GPA, yaani wastani wa alama zako. Kwenye mfumo wetu wa alama tano, daraja la pili la chini linaanzia 2.7, na vyuo vingi huanzia hapo. Si lazima uwe umesoma biashara: wa sanaa za maonyesho, Kiswahili au uandishi wa habari wote huomba. Uliyesoma nje ya nchi, shughulikia mapema utambuzi wa cheti chako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi, kisha piga hesabu ya shoo moja

Hapa usiharakishe. Ipe mwezi mzima.

Biashara yetu inakwenda kwa simu na kuaminiana. Advansi inatumwa kwa simu, salio linalipwa nyuma ya jukwaa, asubuhi kila mtu na njia yake. Kwa hiyo anza na simu: omba taarifa ya miamala yako kwa mtandao unaotumia. Kisha tafuta vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), mikataba, risiti za ukumbi, na ile kaunta buku ya getini. Makubaliano yaliyobaki kwenye WhatsApp, yachape pamoja na tarehe zake.

Sasa chagua shoo moja uijuayo nje ndani. Chukua mfano huu. Tiketi 412 za shilingi 10,000 na 38 za shilingi 30,000 zinaleta 5,260,000. Mdhamini ametoa 1,500,000, jumla 6,760,000. Matumizi: msanii 2,500,000, vyombo na taa 900,000, ukumbi 600,000, usafiri na malazi 480,000, matangazo 450,000, ulinzi 250,000, vibali 200,000, jenereta na mafuta 180,000. Jumla 5,560,000. Faida ni 1,200,000.

Usiishie kwenye faida. Toa fedha ya mdhamini, uone: shoo imekula hasara ya 300,000. Kumbe kiingilio hakikulipa gharama, mdhamini ndiye aliyeibeba shoo. Ukiliona hilo na ukaeleza ulibadilisha nini shoo iliyofuata, tayari unazungumza lugha ya darasa la fedha, na umejifunzia getini.

Hatua ya 3: Andika CV upya

Futa "nimefanya kazi na wasanii wakubwa." Andika: "Nilisimamia timu ya watu 14 na bajeti ya shilingi milioni 5.5 kwa shoo ya watazamaji 450." MC aandike idadi ya shughuli kwa mwaka na wateja wangapi walirudi. Fundi mitambo aandike thamani ya vyombo alivyokabidhiwa. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, na kila namba iwe na karatasi nyuma yake.

Hatua ya 4: Chagua chuo

Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukitaka Marekani, NYU Stern, New York, ina mkondo wa burudani, habari na teknolojia, na UCLA Anderson, Los Angeles, ina kituo cha habari, burudani na michezo. Vyuo vya huko mara nyingi huomba GMAT au GRE, mitihani ya kupima uwezo wa waombaji. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama kuanzia 205 hadi 805, na sehemu ya hesabu hairuhusu kikokotoo. Uliyesoma sanaa, alama nzuri ya hesabu inaondoa shaka yao kubwa juu yako.

Hatua ya 5: Maelezo ya kwa nini unataka kusoma

Usianze na mapenzi ya muziki uliyokuwa nayo tangu utotoni. Kila mwombaji wa fani yetu anaanza hivyo. Anza na tatizo la soko unalolijua. Mtu wa Dodoma anajua kwamba Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, linajaza hoteli na kumbi, na likiahirishwa mji unapoa. Anajua wateja wa Nanenane pale Nzuguni si wateja wa chakula cha jioni cha taasisi. Au tazama vikundi vya ngoma za Kigogo kule Chamwino: wanaalikwa, wanapiga, wanalipwa posho ya siku, na rekodi zao zinaendelea kusambaa bila mgao. Sema ungelipangaje soko hilo, na ni somo lipi unalolikosa leo ili ulipate jibu.

Hatua ya 6: Barua za mapendekezo

Msanii maarufu si chaguo zuri. Mwombe meneja wa ukumbi, mdhamini aliyerudi mara ya pili, au mhasibu uliyekabidhiana naye fedha. Mpe CV yako mpya na ile hesabu ya shoo moja, na umwombe wiki tatu kabla ya maombi kufungwa.

Kwenye usaili nenda na hesabu hiyo kwenye karatasi moja. Mara ya pili nilipoulizwa kuhusu hasara, niliitoa kwenye bahasha na kuiweka mezani. Mwalimu aliishika, akaweka kidole kwenye mstari wa mafuta ya jenereta, akauliza kwa nini yalizidi. Tukaongea dakika ishirini juu ya mstari huo.