Ndoo moja inatosha: kuhesabu zana za mshipi kwa siku moja baharini

Anayeanza kuvua kwa mshipi hujaza begi kwa woga. Anabeba ndoana za kila namba, samaki wa plastiki wa rangi zote na roli tano za nailoni, halafu akifika majini anavua na mshipi uleule tangu asubuhi mpaka tanga linageuzwa. Mimi navua pwani ya Dar es Salaam, mara nyingi kwa ngalawa, na zana zangu zote zinaenea kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Hesabu yangu ni hii: kinacholiwa na mwamba, yaani kinachonasa chini na kukatika, nabeba kwa wingi, kisicholiwa nabeba kimoja.

Hatua ya 1: Uliza chombo, uliza maji

Kabla hujagusa zana, mpigie nahodha simu umuulize mnakwenda kwenye maji ya pima ngapi na kwa chombo gani. Ngalawa ni nyembamba. Ukikaa umeshajaza upana wake, na begi la pili litalala kwenye ngama, pale maji yanapokusanyika chini ya chombo, liloe. Boti ya faiba ina nafasi zaidi, lakini nafasi si sababu ya kuijaza.

Kisha tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya huku hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo unakwenda mbio. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mkondo hulegea. Uzito wa chubwi, kile kizito kinachozamisha mshipi, utaamuliwa na jambo hili kuliko ukubwa wa samaki unayemtaka.

Leseni ya uvuvi iwe mfukoni, na Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasin viondoe kwenye mipango yako. Maji ya visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari.

Hatua ya 2: Taja samaki wawili

Si kumi. Mimi husema changu, na chewa akijaliwa. Nguru ni safari nyingine kabisa: anataka mshipi unaoburuzwa nyuma ya chombo, na waya mbele ya ndoana kwa sababu meno yake yanakata nailoni. Ukitaka kuchanganya safari hizo mbili, ndipo ndoo inapogeuka kuwa mabegi matatu.

Hatua ya 3: Mishipi mitatu

Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8. Kwa hiyo maji ya pima 20 ni mita 36. Mkondo ukivuta, mshipi haushuki wima bali unalala, basi zidisha kina mara mbili: mita 72. Roli ya mita 100 inakufikisha chini na kukubakishia cha kumwachia samaki akikimbia, pamoja na kipande cha kukata kikishachubuka mwambani.

Mshipi wa kwanza, wa changu, uwe na unene wa milimita 0.60. Wa pili, wa chewa, milimita 0.90 au 1. Chewa hapigani sana juu. Akishika tu anarudi pangoni, na pale nailoni nyembamba haina lake. Wa tatu ni akiba, unene wowote kati ya hiyo. Yote izungushe kwenye kibao au chupa ya plastiki, maana roli ya dukani ikidondoka chomboni inafumuka, na nailoni iliyofumuka kwenye ngalawa yenye watu watatu ni ugomvi.

Hatua ya 4: Ndoana na chubwi

Hapa ndipo pa kuongeza, kwa sababu hapa ndipo mwamba unapokula.

Kwanza namba. Ndoana za namba za kawaida, kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Zile zenye mkwaju na sifuri, kama 3/0 au 6/0, zinakwenda kinyume: 6/0 ni kubwa. Kwa changu nachukua namba 4 hadi 1, kwa chewa 5/0 hadi 7/0. Basi. Ukubwa mwingine ubaki dukani Kariakoo.

Idadi: nusu siku juu ya mwamba, ndoana 20 ndogo, 8 kubwa na chubwi 10. Juu ya mchanga, nusu ya hizo zinatosha.

Ndoana zifunge nyumbani, kila moja na kipande chake cha nailoni cha urefu wa mkono. Kisha chukua kandambili kuukuu, uikate mstatili, uchomeke ndoana pembeni mwake kwa safu na kuzungushia vile vipande vya nailoni katikati. Ndoana ikikatika, unachomoa nyingine na kuifunga kwenye mshipi mara moja. Muhimu zaidi, hakuna ndoana inayotembea sakafuni chomboni, na wengi wetu huvua pekupeku.

Chubwi za uzito tofauti: gramu 150 hadi 200 kwa maji mafu, gramu 300 na zaidi kwa bamvua. Kipimo ni mkono wenyewe. Shusha mpaka iguse chini, inyanyue kidogo, iachie. Usipoisikia ikigonga tena, ongeza. Nati nzito za chuma au plagi kuukuu za pikipiki zinafanya kazi vilevile.

Chubwi ifunge kwa uzi ulio dhaifu kuliko mshipi. Ikinasa, vuta: uzi unakatika, chubwi inabaki kwa mwamba, na ndoana zinarudi pamoja na samaki kama yupo. Ukifunga vyote kwa nailoni moja, utapoteza vyote kwa mpigo, na ndiyo maana kuna watu wanabeba chubwi 30.

Hatua ya 5: Vya mkononi

Kisu kimoja. Plaizi moja yenye uwezo wa kukata ndoana, kwani ikizama kidoleni njia nzuri ni kuisukuma itokeze, ukate kile kijino, kisha uirudishe ilikoingia. Vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vya kuvaa kwenye vidole vya shahada. Nailoni iliyolowa chumvi inachana ngozi samaki akivuta. Upo, yaani chombo cha kuchotea maji yaliyoingia ndani, ni wa nahodha, lakini hakikisha umebebwa. Jaketi la kuokolea vaa, usilipakie.

Hatua ya 6: Chambo

Ngisi kilo moja kwa watu wawili. Nyama yake ni ngumu, haivuliki kwenye ndoana samaki wadogo wakidonoa. Vibua wabichi wachache uwakate vipande kwa ajili ya chewa. Chambo kikae kwenye deli pamoja na barafu na maji ya kunywa, kila kimoja kwenye mfuko wake.

Hatua ya 7: Pakia

Chubwi chini kabisa kwenye ndoo, juu yake mishipi, kisha kandambili ya ndoana, kisu na plaizi juu. Kama mfuniko haufungi, toa kitu, na uanzie kwenye samaki wa plastiki.

Ukirudi, suuza vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uanike kivulini, kisha hesabu chubwi zilizobaki. Kama umerudi na tisa kati ya kumi, safari ijayo pale pale beba sita.