Kuvua Perege kwa Ndoana Bwawani Mtera Joto Linapoanza

Kati ya mwisho wa Septemba na mvua za kwanza za Desemba, Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, hubadilika kiasi kwamba hata mtu aliyelizoea wakati wa masika hulazimika kutafuta upya mahali pa kukaa. Baridi ya Juni na Julai imekwisha, maji yamepata joto, na papo hapo kina kinaendelea kushuka, kwa kuwa mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo haileti tena maji ya kutosha, ilhali mitambo ya umeme ya hapo Mtera na ya Kidatu huko chini inaendelea kuyahitaji, na jua nalo linachukua fungu lake. Bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu, katika nchi tambarare kama ile, hugeuza eneo kubwa la maji kuwa matope na majani, na perege uliyemvua mwezi wa Mei kando ya majani hayo sasa yuko mbali nawe.

Miongozo mingi ya kuvua mabwawani imeandikwa kwa ajili ya trauti, samaki wa maji baridi anayestarehe katika nyuzi 10 hadi 16 hivi, ambaye joto likianza hukimbilia vilindini. Ushauri huo haufai Mtera. Perege huchangamka maji yanapovuka nyuzi 22, hula zaidi, na huanza kuzaliana, kwa hiyo mwanzo wa joto ndio msimu wake mzuri wa ndoana.

Kabla ya yote, pita kwa afisa uvuvi au kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, mwaloni. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na unahitaji leseni, nao ndio watakaokueleza kama bwawa liko wazi kwa wakati huo na sehemu zipi hazivuliwi.

Vifaa si vingi. Mwanzi mkavu wa mita tatu au nne unatosha, pamoja na mshipi mwembamba wa nailoni wenye urefu unaolingana na mwanzi, kipande kidogo cha risasi, na chelezo. Chelezo kizuri hukatwa kutoka kwenye soli ya kandambili iliyochakaa au kwenye bua la mtama lililokauka, kisha hupunguzwa kwa wembe hadi kielee wima na kuzama kwa mguso mdogo. Jambo la kuzingatia zaidi ni ndoana. Perege ana mdomo mdogo na hula kwa kudonoa, kwa hiyo chagua ndoana namba 8 au 10, ukikumbuka kwamba namba ikiongezeka ndoana inapungua.

Hilo nililifahamu kwa kushindwa. Siku yangu ya kwanza nilikaa tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, chambo kikiliwa mara kwa mara na ndoana ikirudi tupu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mti alikuja, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", akaishika ndoana yangu katikati ya vidole viwili na kuitazama kwa muda. "Mjukuu wangu, hii ni ya kambale," akasema. "Perege anakula ugali wako, chuma anakiacha." Alinipa ndoana isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, nami nikamwambia, "Ahsante sana, babu," na kabla jua halijashuka nilikuwa na perege wanne.

Chambo cha kuaminika ni ugali mgumu wa mahindi au mtama, uliokandwa pamoja na nyuzi chache za pamba ili usiyeyuke upesi majini. Finyanga kidonge kidogo kama punje ya dengu, kivike kwenye ndoana bila kuizika ncha yake. Nyungunyungu nao wanafaa, lakini wakati wa kiangazi ni taabu kuwachimba, na pia huwaita ngogogo, samaki mwenye miiba mikali mgongoni na mbavuni ambayo humchoma mtu anayemshika kwa pupa. Sisi wa Kanda ya Kati tuna bahati ya kitu kimoja ambacho ningemsihi kila mvuvi akitumie, nacho ni mashudu ya alizeti. Loweka konzi mbili usiku kucha, changanya na udongo wa mahali unapovua, finyanga madonge yenye ukubwa wa chungwa, kisha yarushe matatu au manne mahali unapokusudia kutega. Donge huzama, huvunjika taratibu, na harufu ya mafuta huwakusanya perege katika muda wa nusu saa hivi. Usizidishe, kwa maana samaki aliyeshiba hahitaji chambo chako.

Kuhusu mahali, anza kwa kutazama upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa huku kwa kawaida hutoka mashariki au kusini mashariki, nao husukuma tabaka la juu la maji pamoja na mimea midogo sana ya kijani ambayo perege huila, ukaikusanya kwenye ufukwe unaopigwa na mawimbi. Watu wengi huchagua upande uliotulia kwa sababu unapendeza kukaa, nao hupata kidogo. Kaa mahali upepo unakupiga usoni. Kisha tafuta visiki, kwani Mtera imejaa miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu bwawa lilipojazwa, na mashina yake yamevaa utelezi wa kijani ambao perege huukwangua kwa meno. Shusha ndoana hatua moja au mbili kutoka kwenye shina, katika kina cha mita moja na nusu hivi, chambo kikining'inia kiganja kimoja juu ya tope.

Saa bora ni kuanzia kupambazuka hadi saa tatu asubuhi. Jua likishapanda, maji ya juu hupata joto na hewa iliyomo hupungua, samaki hushuka chini na kuacha kula kwa bidii. Chelezo kikitetemeka, usivute. Huyo bado anaonja. Subiri hadi kianze kwenda upande au kizame chote, ndipo uinue mwanzi kwa mkono mmoja bila kuupiga kwa nguvu, kwani mdomo wa perege huchanika.

Ukimvuta hadi ukingoni, mtazame kooni kabla ya kumtoa majini. Perege jike huatamia mayai mdomoni, na ingawa wakati huo hali sana, mara nyingine hushikwa. Nilimshika mmoja ambaye koo lake lilikuwa limevimba kama lililobeba goroli, na nilipomgeuza mayai ya rangi ya manjano yakamwagika kiganjani. Ukiona koo limevimba hivyo, usimwinue kutoka majini. Mfungue humohumo na umwachie, kwa sababu akiminywa au akishtuka hutema mayai yote, na hayo ndiyo samaki wa mwakani.

Usiingie majini hata kama visiki viko mbali kidogo. Mtera ina mamba na viboko, na maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kukupa kichocho. Kaa hatua tatu nne nyuma ya ukingo, usirudie kunawa au kuchota maji mahali pamoja, wala usipasue samaki hapo, kwa kuwa damu na matumbo huita mamba. Ondoka kabla ya jioni, kwa maana viboko hutoka kwenda kula majani giza linapoingia, na mtu aliyekaa kati ya kiboko na maji yuko hatarini sana.

Joto la Oktoba huharibu samaki mapema. Beba kisu na chumvi, toa matumbo na matamvua chini ya kivuli mbali na maji, sugua chumvi ndani ya tumbo, kisha wafunge katika gunia lililoloweshwa na kuachwa lipepee. Ukirudi Dodoma mjini, Mtera iko karibu katikati ya njia ya kwenda Iringa, na safari ni ndefu, kwa hiyo liloweshe gunia tena njiani, na ufikapo nyumbani wakaange siku hiyohiyo.